Nota, Madaftari na Kanda: Uhifadhi wa Kumbukumbu za Watunzi wa Muziki wa Kwaya Tabora na katika Njia ya Kale ya Misafara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhifadhi wa kumbukumbu zinazozalishwa na kwaya na kamati za muziki zinazowalea watunzi wa muziki ulioandikwa katika eneo la Tabora. Hoja kuu ni kwamba kinachopotea si wimbo pekee. Nyimbo nyingi zinaendelea kuimbwa, na nakala zake zinasambaa. Kinachopotea ni ushahidi wa nani alitunga, lini, kwa ajili ya nani, na kwa masahihisho gani. Ushahidi huo umo katika madaftari ya vikao, barua, ratiba za sikukuu na kanda za kaseti, yaani katika vitu ambavyo hutupwa kwanza nafasi inapopungua. Makala yanaeleza asili ya tatizo, tabia ya nota za solfa kama waraka, nafasi ya sheria za nchi na za Kanisa, na hatua za uhifadhi zinazowezekana katika mazingira ya Tabora.

Utangulizi

Nchini Tanzania, mtu anayetunga muziki kwa kuuandika kwenye karatasi, sauti kwa sauti, ili watu wengine wausome na kuuimba, kwa kawaida ni mtunzi wa kwaya. Katika nchi nyingine mtunzi wa namna hiyo hutegemea chuo cha muziki, okestra, kampuni ya uchapishaji na chama cha watunzi. Katika Tabora, kazi zote hizo nne zimefanywa kwa muda mrefu na kwaya ya parokia au usharika pamoja na kamati yake. Kwaya humfundisha kijana kusoma nota, hununua karatasi, hudurufu nakala, huimba utungo wake mpya mbele ya waamini, na wakati mwingine huukataa. Kwa hiyo, anayetafuta kumbukumbu za taasisi inayowaunga mkono watunzi wa muziki wa kitaaluma magharibi mwa Tanzania hana budi kuanzia katika kabati la kwaya.

Kabati hilo halijachunguzwa vya kutosha. Gregory Barz, katika utafiti wake wa mwaka 2003 kuhusu muziki wa kwaya nchini, aliielekeza zaidi nadharia yake kwenye utendaji na maisha ya jumuiya ya waimbaji. Frank Gunderson, katika kazi yake kubwa ya mwaka 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, alionyesha jinsi wimbo mmoja unavyoweza kubeba historia ya eneo zima iwapo mtunzi wake anafahamika na muktadha wake umeandikwa. Kazi hizi mbili zinaonyesha thamani ya muziki wenyewe. Swali la nani anatunza makaratasi yake limebaki pembeni.

Usuli: njia iliyopeleka kumbukumbu pwani

Tabora ilikua katika Unyanyembe kama kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857 na kuuita mji Kazeh. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, na safari yao ilienda kwa nyimbo: nyimbo za kupanga mwendo, za kumtania kiongozi, za kuisifu nyumbani. Nyimbo hizo zilikuwa na watunzi. Katika Unyamwezi na Usukuma, manju si mwimbaji tu. Ni mtu mwenye cheo, aliyejifunza kwa wakubwa wake ndani ya chama cha ngoma, cha uwindaji au cha waganga wa nyoka. Vyama hivyo vilimlinda, vilimpa waitikiaji na vilimtafutia mashindano. Ushindani wa Bagika na Bagalu huko Usukuma ni mfano unaojulikana zaidi. Itakuwa kosa, basi, kudhani kwamba wazo la taasisi ya kumlea mtunzi liliingia Tabora pamoja na wamisionari.

Kilichoingia na wamisionari ni karatasi. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, walianza kazi katika eneo hili mwishoni mwa karne ya 19, wakaacha vituo kama Ushirombo na Ndala. London Missionary Society walianza Urambo, na mwaka 1898 Wamoraviani wakaipokea misheni hiyo na baadaye kuenea hadi Sikonge. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Seminari ya Kipalapala, nje kidogo ya mji, ikawa mahali ambapo vijana kutoka majimbo mbalimbali walijifunza nyimbo za Kigregori, harmonia na kinanda. Karibu nayo kilikuwepo kiwanda cha uchapaji cha Tanganyika Mission Press, ambacho herufi zake T.M.P. zinaonekana katika vitabu vingi vya sala na mafundisho vya Kiswahili vya karne iliyopita.

Taasisi hizo zilizalisha nyaraka, na nyaraka zikafuata njia ileile iliyofuatwa na pembe za ndovu. Ripoti na shajara za Mapadre Weupe zimo katika hifadhi kuu ya shirika lao, Roma. Za London Missionary Society zimo katika maktaba ya chuo cha SOAS, London. Za Wamoraviani zimo Herrnhut, Ujerumani. Sauti zenyewe nazo ziliondoka. Hifadhi ya fonogramu ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, ilikusanya mitungi ya nta kutoka makoloni ya Ujerumani, na mwaka 1909 Erich von Hornbostel alichapisha katika jarida la Anthropos uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mengi, na rekodi zake zimo katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954.

Haifai kulalamikia tu kwamba vitu hivyo viko mbali. Vingi vimetunzwa vizuri kuliko ambavyo vingetunzwa kwingine, na makusanyo ya kale ya Berlin yaliingizwa katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 1999. Tatizo ni la namna nyingine. Makusanyo ya enzi hizo mara nyingi yaliandika kabila, mahali na aina ya wimbo, bila kuandika jina la manju. Mtu aliyekuwa na cheo miongoni mwa watu wake aligeuka sampuli ya kabila. Hatari iliyopo leo ni kwamba kwaya za Tabora zinaweza kuwafanyia watunzi wao jambo hilohilo, bila mkoloni yeyote kuwepo.

Kumbukumbu zinazohusika

Ili kuelewa kinachopaswa kuhifadhiwa, ni vyema kufuata safari ya utungo mmoja. Mtunzi huandika rasimu, mara nyingi katika daftari la shule. Huipeleka kwa mwalimu wa kwaya, ambaye hurekebisha mwendo wa sauti, hasa pale besi na tena zinapogongana. Kamati ya muziki au ya liturujia hupitia maneno ili kuona kama yanapatana na mafundisho na yanafaa sehemu gani ya ibada: mwanzo, matoleo, komunyo au shukrani. Nakala safi huandikwa na kudurufiwa. Waimbaji hujifunza, na katika mazoezi mambo hubadilika tena. Wimbo huimbwa katika sikukuu fulani, ambayo ina ratiba yake. Ukipendwa, kwaya nyingine huja kuomba nakala, kwa barua au kwa mdomo. Baadaye hurekodiwa kwenye kaseti au, siku hizi, kwa simu.

Kila hatua huacha alama. Kuna rasimu yenye masahihisho ya penseli, muhtasari wa kikao, stakabadhi ya rimu za karatasi, orodha ya waimbaji, ratiba ya jubilei, barua ya kuomba nakala na kaseti yenyewe. Desturi ya kwaya nyingi ni kubakiza nakala safi na kuacha vingine vitoweke, kwa kuwa nakala safi ndiyo inayoimbika. Kwa mhifadhi, mambo ni kinyume. Nakala safi ndiyo kitu chenye nafasi kubwa ya kupatikana kwingineko, kwa sababu ilitengenezwa ili isambae. Walimu na wafanyakazi wa reli waliohamishwa kutoka Tabora kwenda Kigoma, Mwanza au Dodoma walibeba nakala ndani ya mizigo yao. Daftari la kamati lilikuwa moja tu.

Hapa ndipo kanuni ya asili ya kumbukumbu, iliyowekwa rasmi katika waraka wa serikali ya Ufaransa wa mwaka 1841, inapopata maana kwa kwaya ya Tabora. Kanuni hiyo inataka kumbukumbu za taasisi moja zikae pamoja, zisichanganywe na za nyingine, na mpangilio uliotumiwa na wenyewe uheshimiwe. Mtu akiingia katika kabati la kwaya na kuzitoa nyimbo zote za Krismasi akazipanga kwa alfabeti, anaweza kudhani amefanya kazi njema. Amevunja uhusiano kati ya wimbo na kikao kilichoupitisha, na uhusiano huo hauwezi kurudishwa.

Tovuti zinazokusanya nota za nyimbo za Kikatoliki za Kiswahili, kama Swahili Music Notes, zimefanya kazi ambayo taasisi kubwa hazikuifanya: leo kwaya ya kijiji yenye simu moja inaweza kupata utungo wa mbali kwa dakika chache. Hata hivyo, tovuti ya nota ni maktaba. Haikukusudiwa kuwa hifadhi ya kumbukumbu, na haifai kulaumiwa kwa kutokuwa hivyo. Mwanakwaya anayesema kwamba makaratasi ya zamani yanaweza kuchomwa kwa kuwa nyimbo sasa ziko mtandaoni amechanganya mambo mawili.

Solfa kama waraka

Nota za solfa ziliundwa Uingereza katika karne ya 19, hasa kwa juhudi za John Curwen, na zikaenea Afrika kupitia misheni na shule. Zilipendwa kwa sababu iliyo wazi: zinaandikwa kwa herufi za kawaida, d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta pacha na mistari wima ya kugawa mapigo. Mashine yoyote ya taipu iliweza kuziandika. Karatasi ya stensili ikikatwa kwa taipu, mashine ya kudurufu ilitoa mamia ya nakala bila mchapaji mtaalamu. Bila uchumi huo mdogo wa stensili na wino, utunzi wa muziki wa sauti nne usingefika mbali na seminari.

Lakini solfa ina udhaifu ambao mhifadhi lazima aujue. Oktavu ya juu huonyeshwa kwa alama ndogo juu ya herufi, na ya chini kwa alama ndogo chini yake. Alama hizo ndizo za kwanza kufa. Stensili iliyochoka huziacha. Nakala ya mashine iliyotolewa kutoka nakala nyingine huzifuta. Picha ya simu yenye kivuli huzimeza. Matokeo yake ni wimbo ambao herufi zake zote zipo ila mwendo wake haujulikani, na besi inaweza kujikuta imepanda mahali ilipopaswa kushuka. Nukta za mapigo nazo ziko hatarini vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo, nakala ya kidijiti ya karatasi ya solfa haipaswi kupimwa kwa kuangalia kama maneno yanasomeka. Kipimo ni alama ndogo kuliko zote. Upigaji picha wa rangi, wa nukta zisizopungua 400 kwa inchi, katika faili lisilobanwa kwa kupoteza ubora, hutosheleza kazi hiyo kwa karatasi nyingi. Picha nyeusi na nyeupe haitoshi, kwani huamua yenyewe kipi ni wino na kipi ni uchafu.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi. Solfa haiandiki ngoma. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao hati yake ya liturujia ilitolewa tarehe 4 Desemba 1963 na kutaka, katika ibara ya 119, mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yapewe heshima, ngoma, kayamba na manyanga vilipata nafasi kanisani. Mwaka huohuo padre wa Kitanzania Stephen Mbunga alichapisha Church Law and Bantu Music, kitabu kilichopima hati za Kanisa kuhusu muziki mtakatifu kwa mizani ya muziki wa Kibantu. Watunzi walianza kuandika nyimbo ambazo nusu ya uhai wake umo katika midundo. Karatasi, hata hivyo, iliendelea kuonyesha sauti nne tu. Mpiga ngoma alijifunza kwa kusikia, na akihama, mdundo ulihama naye.

Lugha pia ina siri zake. Kinyamwezi ni lugha ya toni, ambapo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Kiswahili hutegemea mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi aliyeanza wimbo kwa Kinyamwezi na kisha kuuweka katika Kiswahili alilazimika kuvunja ama muziki ama matamshi. Rasimu ya kwanza ndiyo inayoonyesha alichokivunja na alichokiokoa. Mwanaisimu atakayetaka kuchunguza jambo hili hatapata chochote katika nakala safi.

Kwa hali hiyo, kaseti si nyongeza ya karatasi. Ni nusu ya pili ya waraka uleule, na ndiyo nusu inayokufa haraka. Mwaka 2019 UNESCO, ikishirikiana na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, ilitahadharisha kwamba kanda za sumaku zilizo nje ya hifadhi maalumu zinakaribia kupotea. Sababu ilikuwa mashine zaidi kuliko uozo wa kanda: vipuri na mafundi wa redio kaseti wanakwisha. Miongozo ya chama hicho inataka sauti ya analogia ihamishiwe katika mfumo wa kidijiti wa biti 24 na si chini ya kilohezi 48, ingawa hifadhi nyingi hutumia 96. Faili la muziki lililobanwa kwa ajili ya kutumiana kwa simu halikidhi kiwango hicho, hata kama sikio la kawaida halitambui tofauti.

Sheria na mrithi

Mwenye kumbukumbu hizi ni nani? Swali hili linaonekana dogo mpaka wimbo unapoanza kuleta fedha.

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, iliyoanzisha Chama cha Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA, humlinda mtunzi katika maisha yake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Ulinzi huo hautegemei usajili. Hutokana na kuwepo kwa kazi yenyewe. Hata hivyo, haki isiyotegemea usajili hutegemea ushahidi. Kwaya ya mjini ikirekodi utungo wa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu huko Sikonge au Nzega, na jalada la albamu likaandika kwamba mtunzi hajulikani, mjane wake atahitaji kuonyesha kitu. Rasimu yenye mwandiko wa mumewe, au muhtasari wa kikao unaotaja jina lake na tarehe, unaweza kumaliza shauri. Nakala ya mtandaoni iliyochapwa upya na mtu mwingine haimsaidii sana. Utunzaji wa madaftari ya kwaya, kwa mtazamo huu, ni suala la haki ya mtu kabla ya kuwa suala la utamaduni.

Upande wa taasisi, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, imelenga hasa kumbukumbu za ofisi za umma. Kwaya si ofisi ya umma, hivyo hakuna afisa anayelazimika kuikagua. Kinachobaki ni sheria za makanisa yenyewe. Kwa Wakatoliki, Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 una masharti yasiyo na utata. Kanuni ya 486 inataka hati zote zinazohusu jimbo na parokia zitunzwe kwa uangalifu mkubwa. Kanuni ya 491 inamtaka askofu ahakikishe kwamba kumbukumbu za makanisa ya eneo lake zinatunzwa, na kwamba orodha zake zinaandaliwa kwa nakala mbili, moja ibaki mahali pake na nyingine iwekwe katika hifadhi ya jimbo. Inamtaka pia aanzishe hifadhi ya kihistoria. Kanuni ya 535 inataka kila parokia iwe na hifadhi yake. Katika utekelezaji, hifadhi ya parokia huchukuliwa kuwa vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo. Vitabu vya kwaya havikutajwa kwa jina, na vimeachwa nje kwa ukimya huo. Usomaji mpana wa kanuni ya 486, pamoja na ibara ya 114 ya hati ya liturujia inayotaka hazina ya muziki mtakatifu itunzwe na kukuzwa, unatosha kuviingiza ndani bila sheria mpya.

Jimbo Kuu la Tabora, lililopata hadhi hiyo mwaka 1953, kwa hiyo halikosi msingi wa kisheria. Wamoraviani nao wana urithi unaoweza kuwasaidia: Kanisa ambalo limetunza nyaraka zake Herrnhut kwa vizazi vingi haliwezi kusemwa kwamba halijui thamani ya daftari. Kilichobaki ni kuhamisha mazoea hayo kutoka makao ya kale hadi sharika za Urambo na Sikonge.

Suala la mrithi linahitaji uangalifu wa pekee. Uingereza inatoa mfano unaofaa kulinganishwa, ingawa kwa tahadhari kwa kuwa fedha zake ni za kiwango kingine. Society for the Promotion of New Music, chama kilichoanza mwaka 1943 ili kuwasaidia watunzi wapya, kiliunganishwa na vyombo vingine vitatu mwaka 2008 kuunda Sound and Music. Miongoni mwa vyombo hivyo kilikuwemo kituo cha taarifa za muziki wa Uingereza, ambacho mkusanyiko wake mkubwa wa nota ulihamishiwa Chuo Kikuu cha Huddersfield. Chombo kilikufa, lakini makaratasi yake yalipata makao kwa kuwa kulikuwa na uamuzi ulioandikwa. Kwaya za Tabora huzaliwa, hugawanyika na kufa pia: parokia mpya inapomegwa, kwaya hupoteza nusu ya waimbaji na, mara nyingi, nusu ya kabati. Katiba za kwaya hueleza kwa kirefu viingilio, sare na rambirambi. Kifungu kinachosema makaratasi yaende wapi kwaya ikivunjika kingechukua mstari mmoja.

Mazingira ya Tabora na kazi inayowezekana

Tabora iko takriban meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni mikavu, yenye vumbi jepesi linaloingia kila mahali. Kwa karatasi, mabadiliko hayo ya unyevu ni mabaya kuliko joto lenyewe. Mchwa ni adui anayejulikana. Karatasi ya bei nafuu iliyotumika kwa kudurufu huwa na asidi, hubadilika rangi na kukatika kwenye mikunjo.

Baadhi ya mbinu zinazotumiwa kwa nia njema huongeza madhara. Sanduku la bati huzuia mchwa, lakini likikaa juu ya sakafu ya saruji katika chumba kinachopata jua mchana na baridi usiku, unyevu huganda ndani yake na pini za chuma huanza kutu. Kufunika karatasi kwa plastiki ya moto, jambo ambalo wenye maduka ya vifaa vya ofisi hulipendekeza kwa haraka, hakurekebishiki: karatasi hufungwa pamoja na asidi yake. Gundi ya utepe hukauka na kuacha doa. Mambo yanayofaa ni ya kawaida kabisa, yaani kuondoa pini, kupangusa vumbi kwa brashi laini, kuweka karatasi zilizonyooshwa ndani ya majalada safi, na kuzipandisha kwenye rafu iliyo mbali na ukuta. Kwa kaseti, hatua ya kwanza ni kuvunja vijino viwili vilivyo nyuma yake ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Uorodheshaji hauhitaji mfumo mgumu, ila unahitaji kuepuka mtego mmoja. Nyimbo za kwaya hujulikana kwa majina tofauti: mtunzi aliita hivi, waimbaji wanaita vile, jalada la kaseti linasema kingine. Orodha iliyojengwa juu ya jina la wimbo itauhesabu wimbo mmoja mara tatu. Ni salama zaidi kuandika maneno ya kwanza ya ubeti na maneno ya kwanza ya kiitikio, pamoja na mstari wa kwanza wa solfa ya sauti ya kwanza, ambao kwa kuwa ni herufi unaweza kutafutwa kwa kompyuta yoyote. Kisha ziandikwe alama za umbo: mwandiko wa mkono, taipu, stensili au nakala ya mashine. Umbo husaidia kukadiria umri pale tarehe inapokosekana.

Mji wa Tabora una fursa ambayo miji mingi haina. Kampasi ya Tabora ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania hufundisha utunzaji wa kumbukumbu, na wanafunzi wake huhitaji mahali pa mafunzo kwa vitendo. Wengi hupelekwa katika masjala za halmashauri na ofisi za mkoa. Parokia na sharika zenye makabati ya zamani zinaweza kuwapokea wachache kila mwaka, mradi mzee mmoja wa kwaya akae nao mezani. Sharti hilo si la adabu tu. Mwanafunzi anaweza kusoma tarehe. Hawezi kujua kwamba herufi mbili zilizoandikwa pembeni ni za mwalimu aliyehamia Kaliua, wala kwamba ukurasa uliochanwa uliondolewa baada ya mgogoro wa uchaguzi. Maelezo hayo yarekodiwe kwa sauti wakati karatasi yenyewe iko mkononi.

Mgogoro wenyewe ni sehemu ya kumbukumbu, na hapa baadhi ya viongozi watasita. Madaftari ya vikao yana majina ya waliosimamishwa, madeni na maneno makali. Kufuta kurasa hizo kutaharibu ushahidi wa utunzi uliomo katika kurasa zilezile; kuziweka wazi kwa kila mtu kutawaumiza watu walio hai. Njia ya kati ni kuorodhesha daftari lote na kuweka kipindi cha kufungwa kwa sehemu zinazogusa watu, kipindi kitakachoamuliwa na kamati ya kwaya pamoja na paroko au mchungaji na kuandikwa katika orodha, huku taarifa za utungo wenyewe zikinakiliwa pembeni kwa matumizi ya wote.

Tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone kwa miezi kadhaa mwaka 1872, limetunzwa kama makumbusho. Njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia tangu 2006, na orodha hiyo inahusu maeneo. Madaftari ya watunzi hayawezi kusubiri hatua za namna hiyo. Kwa parokia inayotaka kuanza, muda mzuri ni kati ya Juni na Oktoba, karatasi zikiwa kavu na barabara za vijijini zikipitika: mwezi wa kwanza kwa orodha tu, bila kuhamisha chochote; kaseti zifuate, kwa kuanza na zile ambazo mpiga ngoma wake bado yu hai; upigaji picha wa rasimu uwe wa mwisho, nakala moja ya orodha ikiwa tayari imekabidhiwa jimboni kabla ya mvua za Novemba.